Akina Roussel Wasiomo Kwenye Simu

Kaka yangu Vénérand Roussel alifia kazini, ndani ya ghala alikokuwa akipakia mizigo. Moyo ulisimama tu. Alikuwa mwalimu wa kwaya yetu ya Kiswahili kule Parramatta, hapa Australia, na wiki nzima ya matanga nyumba yangu ya Macquarie Fields haikukauka watu. Naandika haya sasa kabla maneno yao hayajachanganyika kichwani mwangu.

Ubishi ulianza Alhamisi mchana. Papa Wilondja, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wakongo, alifika kutoka Penrith na msalaba ndani ya gari. Aliuchonga mwenyewe, kwa mbao nzuri, akaupaka rangi nyeupe. Aliuegemeza kwenye ukuta wa gereji tulimokuwa tumekaa, na wote tukasoma: VÉNÉRAND MUSHAGALUSA.

"Papa," nikasema, "Mushagalusa ni baba yetu. Huyu alikuwa Roussel."

"Ndiyo maana nimeandika la baba yenu. Roussel ni jina la nani?"

"Lake."

"La Mzungu, Mama Falone. Tulilibeba nyumbani, tukalibeba kwenye kambi ya wakimbizi, tukapanda nalo ndege mpaka huku. Sasa mtu ametutoka, tumtue huo mzigo."

Wazee waliokuwa kwenye viti vya plastiki waliguna kukubali. Papa Wilondja akamgeukia binti yangu. "Falone, mwanangu, si kila kitu kimo humo kwenye simu? Hebu tutafutie. Akina Roussel ni akina nani?"

Falone anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alisoma taratibu, akipitisha kidole kwenye kioo. Kulikuwa na mtunzi wa muziki, Mfaransa. Kulikuwa na mtaalamu wa mimea, Mfaransa. Kulikuwa na mwanateolojia wa karne za zamani, naye Mfaransa.

"Mweusi hayumo?"

Falone akatikisa kichwa.

"Wamemsahau mwalimu wa kwaya wa Parramatta!" mtu mmoja akatania kutoka nyuma, na gereji nzima ikacheka. Hata mimi najua kicheko cha matanga, kinasaidia watu kupumua. Lakini hicho sikukipokea.

"Ndiyo, wamemsahau," nikasema. "Na si yeye peke yake. Wamewasahau wawili."

Kicheko kikakatika. Nikawaambia yale ambayo wengi wao wanayajua kwa sababu ndivyo tulivyo. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Mimi ni Nsimire, baba ni Mushagalusa, na hapa Australia watu wanashangaa tukisema tumetoka nyumba moja. Na mara nyingine mtoto hupewa jina zima la mtu aliyetenda wema. Huyo anakuwa wajina wake, ndoi, na kuanzia siku hiyo ni mzazi wake mwingine.

Ndoi wa kaka alikuwa Mwalimu Roussel wa Kabare, kwetu Kongo, mtu mweusi kama sisi, aliyefundisha nyimbo na hesabu shuleni. Yeye alilitoa wapi jina, hatukuuliza. Ndoi haulizwi. Mama alipopata uchungu, mvua ikinyesha na barabara imegeuka tope, Mwalimu alimkalisha kwenye baiskeli yake akaisukuma mpaka zahanati. Njia nzima aliimba besi, ili Mama apumue kwa kufuata mapigo. Mtoto alipotoka Mama akamwambia, "Huyu ni wewe." Basi akawa yeye. Vénérand alijua do-re-mi kwa ishara za mkono kabla hajajua kusoma, na ishara hizohizo ndizo alizowafundisha watu wa kwaya yetu huku, hata wasiojua kusoma nota.

"Mwalimu aliuawa vitani," nikasema. "Hakuzikwa na mtu. Hakuna aliyeliita jina lake. Mkilifuta la kaka, mmewafuta wawili kwa brashi moja."

Papa Wilondja aliweka chini kikombe chake cha chai. Si mtu mbaya. Ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege na makoti, tulipofika hatujui baridi.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Bwana shamba wa Kizungu aliyemchapa baba yangu mbele yetu sote, alikuwa na jina la namna hiyohiyo. Baba alilala chini, sisi watoto tumesimama. Nikaapa. Vénérand nilimpenda, lakini jina kama hilo sitaliita kaburini."

Hapo ndipo penyewe. Kwaya yetu ina desturi iliyotoka nayo kambini. Kaburini mwenyekiti huliita jina la marehemu, mwalimu wa kwaya huinua mkono, na sauti zote huitika pamoja kwa niaba ya aliyelala. Jina lisipoitikiwa, udongo haushuki.

"Basi usiite, Papa. Nitaita mimi."

"Mfiwa haiti. Kazi ya mfiwa ni kulia."

"Nimelia wiki nzima. Sasa nina kazi nyingine."

"Mama Falone, usitutie aibu mbele ya watu."

"Aibu ni kuzika mtu ambaye hakuwapo."

Aliondoka bila kumaliza chai. Kasoki, mpwa wake, aliyekuwa msaidizi wa kaka kwenye kwaya, alibaki ameinamisha kichwa. Nilimuuliza, "Na wewe utainua mkono kwa jina lipi?" Akanijibu, "Usiniulize hivyo, mama. Mjomba ndiye aliyenilea." Sikumlaumu, wala sikumbembeleza.

Ijumaa nilichukua rangi ya uzio iliyokuwa imebaki nikalifuta MUSHAGALUSA msalabani. Herufi zangu ni mbaya siku zote. Falone akaninyang'anya brashi. Aliandika ROUSSEL kwa herufi kubwa kupita zile za kwanza, kisha akasema kwa Kiingereza chake kwamba hilo ni jina la mjomba wake na mtu asiyelipenda afumbe macho.

Jumamosi makaburini kulikuwa na jua kali. Papa Wilondja aliuona msalaba. Aliutazama kwa muda, akavua kofia, akasogea kwenye ukingo wa kaburi.

"Vénérand Mushagalusa!"

Kwaya yote ikamtazama Kasoki. Mikono yake ilikuwa chini, imeshika kitenge.

"Vénérand Mushagalusa!"

Mzee mmoja wa besi aliitika peke yake, kwa mazoea, kisha akajikohoza kama aliyekosea mlango. Juu ya miti kasuku weupe walipiga kelele zao. Wafanyakazi wa makaburi walikuwa wamesimama kando ya kijitrekta chao, wakisubiri, hawajui wanasubiri nini.

Nilitoka kwenye kiti cha mfiwa. Mtu alinivuta shali nikaiachia ibaki mkononi mwake.

"Vénérand Roussel!"

Sauti yangu haikuwa nzuri. Ilitoka kama ya mtu anayemwita mtoto avuke barabara. Kasoki alimtazama mjomba wake, naye mjomba akamtazama, na sijui walisema nini kwa macho yale. Kisha mkono wa Kasoki ukapanda hadi usawa wa kifua, kiganja chini, ukasimama hapo.

Wakaitika. Sauti za teno zilikuwa nyembamba kwa sababu teno wao mkubwa alikuwa ndani ya sanduku. Lakini waliitika wote, na Falone pia, ambaye hajawahi kuimba nasi.

Sikuwa nimepanga kuendelea. Nikajikuta bado nimesimama, na mkono wa Kasoki bado uko juu.

"Mwalimu Roussel wa Kabare!"

Wengine walishtuka. Kwa huyo hatukuwa na mwili wala kaburi, na desturi haisemi lolote juu ya mtu wa namna hiyo. Kasoki hakuuliza. Aliushusha mkono kidogo na kuupandisha tena, na wakamwitikia kwa nguvu kuliko walivyomwitikia kaka.

Udongo wa kwanza ni wa mwenyekiti. Papa Wilondja aliinama akachota, akasimama nao mkononi karibu nami. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Umekaidi, Mama Falone."

"Ndiyo, Papa."

Alingoja nione haya. Sikuona. Akafungua mkono, udongo ukashuka.