Ulijuaje Kama Si Wewe?

Fundi wa kompyuta alikuwa na kibanda chini ya jengo la maduka. Juu yake palikuwa na studio ya picha ya mjomba wake. Jumatatu moja alipanda kumwamkia, akamkuta anachomeka flashi za wateja kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, bila kukagua hata moja.

"Shikamoo, mjomba. Weka basi programu ya kuzuia virusi. Wiki hii nimeletewa mashine tatu, mafaili yote yamefungwa."

"Marahaba. Na hivyo virusi anavitengeneza nani?"

"Wezi."

"Wezi gani! Ni haohao wanaouza dawa. Mwuza majeneza hakuombei uzima, mwanangu."

Wateja waliokuwa wakingoja picha za pasipoti walicheka. Mama mmoja akadakia kwamba kompyuta ya ofisini kwao, tangu iwekwe hiyo dawa, inatambaa kama kobe, na kila asubuhi inapiga kelele za hatari hadi uilipie.

Fundi alitaka kubisha, akaacha. Yeye mwenyewe alikuwa ametoa mashine mpya kwenye boksi mbele ya mteja, na programu ya majaribio ya kuzuia virusi ikadai imekuta vitisho mia nne. Mashine haijawahi hata kuguswa! Uongo ule ulimkera kuliko virusi vyenyewe, maana kampuni ndiyo iliyodanganya, na tapeli akaonekana yeye.

"Basi usinunue," alisema. "Nakili picha zako kwenye diski ya pembeni, uifungie kabatini. Hapo hakuna kampuni ya kukuibia."

"Nitaangalia."

Alhamisi mjomba alipiga simu akihema. Picha za harusi, za mahafali, za watoto wachanga, hakuna iliyofunguka. Kioo kimejaa maandishi mekundu yanayodai malipo. Fundi alipanda ngazi mbilimbili, akachomoa waya wa mtandao, akakaa kutafuta kilichosalia. Mjomba alisimama nyuma yake, wateja wawili wakingoja mlangoni, akasema polepole:

"Jumatatu ulisema. Leo Alhamisi. Ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Kama si wewe, ulijuaje?"

Fundi aligeuka kumtazama.

"Mjomba, nikikwambia ufunge mlango, mwizi akaingia, mwizi ni mimi?"

"Sijasema hivyo."

Lakini alikuwa amesema, tena mbele ya wateja. Fundi aliendelea na kazi. Ilimchukua siku mbili. Harusi mbili alizipata kwenye kadi za kamera ambazo hazijafutwa. Nyingine zote zilikwenda na maji. Mjomba hakumshukuru. Alinunua diski ya pembeni, akaifungia kabatini, na fundi aliponyoosha mkono amwonyeshe namna ya kunakili, akamzuia: "Acha, nitajifunza mwenyewe."

Jumatatu iliyofuata mwalimu mmoja alifika kibandani kuchukua kompyuta yake, ingali imefunguliwa mezani.

"Bado sijamaliza, mwalimu."

"Najua. Nipe tu hivyohivyo. Watu wanasema... basi, nipe tu."

Fundi alikusanya skrubu, akazifunga kwenye karatasi, akamkabidhi pamoja na mashine. Angeweza kumweleza habari za flashi, na za zile kampuni na kelele zao. Alichoka kabla hajaanza.

"Angalia skrubu ndogo," alisema. "Ni rahisi kupotea."

Mwalimu alizihesabu palepale, mbele yake.