Yaliyofukiwa Shambani kwa Sayi

Mtu akikulimia shamba bure, Sayi alifundishwa tangu utoto, mtazame mikono kwanza, umshukuru baadaye. Na hawa hawakumlimia kipande. Walilima shamba zima, tena katika siku ambazo hayupo, wakaondoka bila kuacha hata ujumbe.

Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye gari kutoka Sumbawanga, baada ya siku nne kando ya kitanda cha mumewe. Mayunga alivunjika paja mkokoteni wa ng'ombe ulipopinduka kwenye mteremko wa kwenda Mwazye. Sasa alilala chali wodini, mguu umening'inizwa, akiwaonea haya manesi. Maksai wake wawili walishauzwa ili atibiwe. Bila maksai, plau ni chuma tu kilichoegemezwa ukutani. Na bila plau, lile shamba la nyasi nyuma ya nyumba, walilolinunua Desemba walipohama kutoka Bonde la Rukwa, lingebaki nyasi tupu. Sayi hakujua watoto wake watatu wangekula nini mwakani.

Alisimama nyuma ya jiko, kichanga mgongoni, akayatazama matuta. Hayakuwa matuta marefu ya viazi aliyoyazoea. Yalikuwa ya mviringo, zaidi ya mia mbili, yamepangana kuanzia jikoni hadi chini kwenye kijito, udongo wake mweusi na mbichi. Mengine ya namna hiyo alikwisha kuyaona kwa mbali katika mashamba ya watu, hakujali. Ila haya yalikuwa kwake, na machoni pake yalikuwa makaburi.

"Walikuja watu wengi," alisema Jenifer, bintiye wa kwanza, aliyebaki nyumbani na mdogo wake. "Mama Evodia ndiye aliwaleta. Walilima nyasi, wakazikusanya mviringo, wakazifukia. Bibi mmoja alikuwa anatia vitu kwa kidole, huku anasemasema peke yake."

"Vitu gani?"

"Sikuviona. Walitufukuza, wakasema tusikanyage."

Evodia alikuwa jirani wao wa upande wa juu, mjane wa makamo, kiongozi wa jumuiya ya Wakatoliki pale kijijini. Asubuhi ile Sayi alipokuwa anaondoka kwenda hospitali, Evodia alimsimamisha njiani akamuuliza, "Lile shamba la nyasi mna mpango gani nalo?" Halafu akauliza, "Utarudi lini?" Maswali mawili tu, na Sayi aliyajibu kwa jibu moja: "Lina mwenyewe." Njia nzima alikuwa anayatafuna. Mtu anayekuuliza utarudi lini ana shughuli ya kufanya ukiwa haupo.

Kibarazani alikuta pia debe la unga, limefunikwa kwa kitambaa safi. Usafi wenyewe ulimtia shaka. Alichota konzi moja akawamwagia kuku, akakaa kwenye kigoda kuwatazama. Jogoo alikula, akawika. Mitetea ikala, ikarudi kudai zaidi. Hadi jua linazama hakuna kuku aliyekufa, na watoto walilalia viazi huku debe limejaa. Sayi alijiambia kwamba sumu nyingine huwa haina haraka.

Hapo mwenye akili zake angepanda kwa Evodia akamuuliza. Ni hatua mia moja. Lakini Sayi aliona kumuuliza mchawi ni kumpa taarifa kwamba umemshtukia, kwa hiyo badala ya kuuliza mtu wa karibu aliyejua, alimpigia simu mtu wa mbali asiyejua, shemeji yake Ngeleja kule Bondeni.

"Shemeji, usiguse huo unga," alisema Ngeleja. "Na hayo matuta, wamemfukia kaka humo. Unadhani watu wanalima bure? Fukua. Chochote utakachokikuta, choma. Usimwambie mtu."

Jumamosi Mayunga alipiga kwa simu ya mgonjwa mwenzake. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Ile homa ndogo iliyomwanza Jumatano, Sayi akiwa bado kando ya kitanda, sasa ilikuwa imepanda, na madaktari walikuwa wanatafuta sababu. Na Jumatano, kwa maneno ya Jenifer, ndiyo siku wale watu walipoingia shambani. Sayi aliogopa. Ikawa hakuna tena cha kufikiria: kama Mayunga angepona, angepona kwa jembe lake yeye.

Alingoja Jumapili, kijiji kizima kiende misani. Kisha akaanza na mstari wa karibu na jiko.

Tuta la kwanza lilikuwa na nyasi, zimeanza kuoza, zina joto. Alizitawanya kwa vidole akitafuta kitambaa, nywele, mfupa. Hakuna. La pili, nyasi. La tatu alilipasua kwa hasira, maana sasa aliona wanamfanyia ujanja. Alifukua la nne, la tano, udongo unamrukia usoni, hofu yake ikizidi kila alipokosa. Kwenye la kumi na moja alikaa chini kuvuta pumzi, na mkono wake ukagusa kitu kidogo cha mviringo. Akakiinua kwenye mwanga.

Kilikuwa haragwe. Limevimba, limetoa kimzizi cheupe. Alirudi kwenye madongoa aliyoyatupa, akayaona mengine, mengi, yamelala juani. Alikaa pale akiwa na haragwe kiganjani, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alishindwa kujua amwogope nani.

"Mama Jenifer."

Evodia alikuwa amesimama ukingoni, kitenge cha jumuiya kiunoni, ametangulia wenzake kutoka misani. Aliyatazama matuta yaliyobomolewa, moja baada ya jingine.

"Nilidhani mmemfukia mume wangu," Sayi alisema. Hakuwa na uongo wa karibu.

"Tumefukia nyasi," Evodia alisema. "Matuta haya sisi tunayaita ntumba. Nyasi zinaoza humo ndani, juu unapanda maharage. Mvua za mwakani unayatawanya, unapanda mahindi au ulezi. Kazi hii haihitaji ng'ombe. Mtoto wa miaka mitano hapa anajua."

"Mimi sikujua. Hukuniambia."

"Nikuambie vipi? Ulivyonijibu siku ile, niliona nikikuambia utakataa. Nikasema tulime kwanza, tugombane baadaye." Evodia aliinama akaokota haragwe moja, akalifuta udongo. "Unajua mstari huu ni wa nani? Wa bibi Hilaria. Mgongo haumruhusu kwenda mbali, akaomba wa karibu na jiko. Sisi wengine tulimaliza siku moja. Yeye alirudi siku ya pili, akarudi na ya tatu. Na mbegu alitoa zake, kama sisi wengine tulivyochanga ule unga wa kibarazani."

"Jenifer alisema anasemasema peke yake."

"Anasali. Kila tuta anamwombea mumeo. Jina halijui, kwa hiyo anasema tu, yule mgonjwa wa mama huyu."

Sayi aliona aibu iliyomwasha mwili mzima, kama mtu aliyepita kwenye upupu. Hakuweza hata kuinua uso.

"Sikiliza," Evodia alisema, akishusha sauti. "Bibi anatembea polepole, bado yuko mbali. Jumapili hatushiki jembe, lakini kwa hili Mungu atatuelewa. Tukiwa wawili, tunayarudisha kabla hajapita hapa. Hatajua kamwe."

Sayi alitaka sana kukubali. Aliushika hata mpini. Lakini akaona miaka yote watakayoishi pale, na yeye akimwamkia yule bibi kila asubuhi, na lile jambo likiwa limefukiwa kati yao. Akauachia mpini, akaenda kusimama njiani.

Bibi Hilaria alikuja na fimbo yake, akisimama kila baada ya hatua chache.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Ana homa. Bibi, nimefukua matuta yako."

Bibi alisimama. "Mangapi?"

"Kumi na moja."

"Ndiyo yangu yote hayo." Midomo yake ilikazana, na Sayi aliona wazi kwamba amekasirika, na kwamba ana haki. "Mgongo haujaacha kuniuma hadi leo. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kitu kibaya."

"Umekiona?"

"Hapana, bibi. Nimeona nyasi na maharage."

Bibi Hilaria alitazama kule shambani muda mrefu. Kisha akaisogeza fimbo mbele, akaanza tena kutembea.

"Kesho asubuhi nitakuja na mbegu zilizobaki," alisema. "Mimi nitakaa pembeni. Safari hii utafukia mwenyewe, ujue kilichomo."