Fedha Yenye Vitobo

Mwanga wa asubuhi uliingia dirishani Mambrui, ukapita kwenye vitobo vya kofia aliyoishika Bi Kibibi, ukamwagika sakafuni punje punje kama mchele. Kofia ilikuwa imeshonwa nusu. Umair, mwanawe, angeoa mwezi ujao, naye mama aliapa hataoa na kofia ya mkono mwingine. Lakini macho yalishaingia ukungu. Balbu ilimchoma macho, kivuli cha mkono kikaifunika kazi, na uzi sindanoni alitiliwa na bintiye, Sahla.

Ewe fedha, ewe madini ya vikuku na bangili, lini utakubali mwanga ukupite?

Maana Sahla, katika maabara ya chuo huko Kilifi, alikuwa akiunda taa bapa kama ukurasa, yenye nuru pole isiyochoma jicho. Ndani yake mna utando unaong'aa ukipitiwa na umeme. Juu ya utando hukaa fedha ya kuuleta umeme, na fedha hiyohiyo sharti iuachie mwanga utoke. Alipoiweka nene, ikawa kioo cha kujitazamia. Alipoipunguza, ikakatika visiwa visiwa, umeme ukakosa njia. Miezi saba ya kupunguza!

"Sasa wapunguza nini, mwanangu?" mama alicheka alipoelezwa. "Kofia haipitishi upepo kwa wembamba. Kitambaa chembamba chararuka. Toboa, kisha uzungushe uzi kila kitobo, usikatike."

Sahla aliona haya, kisha akaona furaha.

Akarudi Kilifi. Akatandaza juu ya kioo cha taa vijiduara vya plastiki, vidogo hata jicho halivioni, akaigeuza fedha mvuke ikatua katika nafasi zilizo kati yake, kisha akaviondoa vijiduara. Ikabaki fedha yenye vitobo mamilioni, na hakuna mahali ilipokatika. Subhanallah, ewe fedha.

Taa nne za mwanzo zililiwa na unyevu wa bahari. Ya tano, ya mwisho, aliileta nyumbani Ijumaa alasiri, akafunga madirisha, akaunganisha waya.

"Bismillahi," alisema mama.

Mwanga ukaja. Haukumwagika punje punje. Vitobo vilikuwa vidogo mno kwa hilo. Ulikuja mzima, mweupe kama tui, ukatua juu ya mikono ya Bi Kibibi, na kivuli kilikuwa hafifu hata hakikumsumbua. Sahla akanyoosha mkono apokee sindano, amtilie mama uzi kama kawaida.

Mama hakumpa. Aliisogeza sindano karibu na ile nuru, na uzi ukapita.