Toka Alipokuwa Akikaa Eneyda

Anwani aliyopewa Eneyda na binamu yake kule San José, ng'ambo ya mpaka alikohamia, ilikuwa hii: toka lilipokuwa jumba la sinema, kona tatu kuelekea ziwani, mlango wa kijani. Jina la mtaa na namba ya nyumba hamna, na mjini kwao Granada hakuna anayevihitaji. Ila sinema zilikuwa tatu, zote zimekufa, na saa sita mchana dada yake Auxiliadora angepelekwa Managua kupasuliwa moyo. Asipomkuta leo, huenda asimkute tena. Eneyda hakuja kumzika mama yao, na radhi ya jambo hilo alitaka kuiomba uso kwa uso.

Saa nne ilimkuta bustanini mbele ya kanisa kuu, kichwa kinamzunguka.

"Sinema ipi, mama?" aliuliza muuza vigorón, akipanga mhogo na ngozi ya nguruwe juu ya jani la mgomba. "Iliyoungua au iliyogeuka benki?"

"Sijui, mwanangu. Ile ya kona tatu."

"Zote zina kona tatu ukitembea!" akadakia mwendesha gari la farasi.

"Nyamaza wewe! Mtu wa Masaya unajua nini?" Muuzaji akamgeukia Eneyda. "Mama ni mgeni?"

"Nimezaliwa hapa hapa."

"Wa hapa, halafu unauliza njia?"

Neno hilo lilimchoma. Akaenda ziwani, akarudi. Mlango wa kijani wa kwanza ulikuwa wa daktari wa meno, wa pili ghala la sigara. Kuta alizoziacha za manjano sasa ni za waridi, na kila aliyemuuliza alinyoosha mkono upande wake. Hasira zikampanda. Mji gani huu unaoelekezana kwa vitu visivyopo tena? Lakini mvamizi mmoja Mmarekani aliyeuchoma mji huu enzi za mababu aliacha kibao kilichosema, Hapa palikuwa Granada. Alikusudia tusi, wenyeji wakalifanya anwani.

Saa sita kasoro robo alimkuta mwanamke anafagia kizingiti.

"Samahani, namtafuta Auxiliadora Mayorga, fundi cherehani."

"Unamaanisha Chilo? Hapo hata kipofu anafika! Toka alipokuwa akikaa Eneyda, kona mbili kuelekea ziwani."

Eneyda akashika ukuta. "Eneyda yupi?"

"Nitamjulia wapi? Aliondoka kabla sijaolewa huku. Ndivyo Chilo anavyotuelekeza sote, hata wateja wake. Nyumba yenyewe siku hizi ni hoteli. Unaijua?"

"Naijua," akasema, machozi yanamtoka. Walizaliwa humo wote wawili, na mama akafia humo. Chilo angeweza kuiita nyumba ya mama, na hakuna ambaye angemlaumu.

Alikimbia, viatu mkononi. Mlango haukuwa wa kijani tena, ulipakwa bluu. Teksi ilikuwa inanguruma mbele yake, na Auxiliadora ameshakaa ndani, mkoba mapajani. Alimtazama mdogo wake toka utosini hadi kwenye miguu mitupu.

"Miaka thelathini na moja nawaelekeza watu kwako," alisema. "Mwenyewe ndiwe uliyechelewa."

"Nilipotea, dada. Na ile siku ya mama..."

"Utaniambia njiani. Panda."

Eneyda akapanda, viatu bado mkononi.