Picha Zilizobaki Kwenye Simu ya Tefo

Matefo hakuelewa kwa nini mtu aachane na simu ambayo bado inalia.

"Inalia, inapiga, tochi inayo," alimwambia mwanawe wakati wakiingia duka la simu, kwenye jumba moja la maduka mjini Bloemfontein. "Na mkataba wako haujaisha, umeniambia mwenyewe jana tukila. Sasa haraka ya nini? Nani anakufukuza?"

"Siitupi, mama. Hii nakupa wewe. Yako imekufa, au umesahau?"

"Yangu haijafa. Imelala."

Tefo akacheka. Alikuwa mtoto wake wa pekee, mwanamume wa miaka thelathini na ushee, mhudumu wa gari la wagonjwa, mwenye mabega ya baba yake na kicheko cha baba yake. Kila alipocheka hivyo Matefo alimshukuru Mungu, na papo hapo akaumia kidogo. Alikuwa ameshuka kutoka Phuthaditjhaba, kwao milimani, kuja kupimwa macho, na Tefo akaona bora wapitie na dukani, maana kampuni ilikuwa imempigia simu: mteja mwema kama yeye hana haja ya kungoja, achukue simu mpya sasa hivi, miezi iliyobaki itaunganishwa na mkataba mpya.

"Yaani hujavua kongwa la kwanza, wanakuvika la pili," alisema Matefo.

Binti wa dukani, Dikeledi, aliyekuwa na kucha ndefu za zambarau, alicheka mpaka akaziba mdomo. "Mama, kongwa ni ndoa. Hii ni simu tu."

"Ndoa naijua, binti yangu. Mume wangu amekufa, na mpaka leo mimi ni mke wake. Usinitanie."

Dikeledi akaomba radhi, akaziweka simu mbili ubavu kwa ubavu kwenye kaunta, ya zamani na mpya, na mambo ya Tefo yakaanza kuhama: majina, ujumbe, nyimbo, picha. Ilipofika mwisho akauliza, "Kaka, nifute kila kitu kwenye hii ya zamani, mama aipokee ikiwa safi?"

"Subiri kwanza nihakikishe vyote vimefika," alisema Tefo. Mara akaitwa chumba cha nyuma apigwe picha ya uso, wathibitishe kwamba ndiye. Akampa mama yake simu ya zamani. "Nishikie. Usiipanguse-panguse."

Ukimwambia mtu asiguse, umempa kazi. Matefo alikaa kwenye kistuli karibu na dirisha. Mambo mengi ya simu hizi hakuyajua, lakini njia ya picha aliijua, kwa sababu wanawake wenzake wa kanisani walikuwa wakionyeshana wajukuu kila Alhamisi. Akagusa, zikafunguka. Akajiona mwenyewe siku ya Krismasi, amefumba macho. Akaona gari la wagonjwa likioshwa. Akaona msichana mwenye meno meupe anayekula aiskrimu, akatabasamu moyoni: kumbe! Akapangusa tena.

Akamwona mzee mmoja ameketi kwenye kiti cha plastiki, sahani ya nyama mapajani, kofia ya Tefo kichwani.

Jicho lilipita, kisha likarudi. Sikio la kushoto la yule mzee lilikuwa halina ncha. Matefo aliwahi kumjua mtu mmoja tu mwenye sikio kama lile, aliyeng'atwa na farasi alipokuwa mvulana mchungaji. Kidole chake kikagonga kioo, na ile haikuwa picha ya kukaa kimya. Mzee akainua kichwa, akaongea.

"Acha kunipiga picha, mwanangu. Nina nini mimi cha kupigwa picha?" Halafu akacheka.

Matefo alisimama bila kujua kama amesimama. Masikio yakaziba. Aliona midomo ya watu ikienda na hakusikia neno. Mume wake, Letlatsa, alikuwa amefukiwa chini ya ardhi miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye shimo la dhahabu lililoachwa na wenyewe, kule Welkom, alikoingia na wenzake kuchimba kwa wizi. Shimo liliporomoka, na hakuna aliyetolewa. Ukoo ulizika blanketi lake na kofia yake ya nyasi, kwa kuwa mwili haukuwepo. Matefo alinyolewa nywele. Alivaa nyeusi mwaka mzima. Na huyu hapa, na mvi zake, anatafuna nyama ya kuchoma.

"Mama? Mama, vipi?" Dikeledi alikuwa amemshika mkono. "Jamani, leteni maji! Kaka Tefo! Mama anaanguka!"

Tefo alitoka mbio, kama alivyozoea kuwakimbilia wagonjwa. Akapiga goti, akamshika mama yake mshipa wa mkono. Matefo akamgeuzia kioo cha simu.

"Huyu nani?"

Tefo alinyoosha mkono aichukue simu. Mama yake akaivuta.

"Nimekuuliza. Nani huyu?"

"Mama, twende kwenye gari."

"Picha ya lini?"

"Mama, watu wanatuangalia..."

"Waangalie! Picha ya lini, Tefo?"

"Mwezi uliopita," alisema kwa sauti ya chini.

Dikeledi, naye masikini wa Mungu asijue afanye nini na mikono yake, alinong'ona, "Samahani kaka... ile simu, bado nifute au?"

"Usifute!" Matefo alipaza sauti, akaikumbatia simu kifuani. "Atakayeifuta ataanza kwa kunifuta mimi."

Kwenye gari Tefo alieleza huku ameshika usukani, na gari halijawashwa. Mwaka jana, baridi ilipoanza, walimbeba mgonjwa wa kifua kutoka Botshabelo. Mzee alikuwa na jina la mtu mwingine kabisa. Njiani akawa anamkodolea macho, kisha akasoma jina kwenye sare yake, akalisoma tena. Akamwambia: mimi nilikuwa na mtoto wa jina hilo, mama yake aliitwa Matefo, yaani mama wa Tefo, kwa ajili yake.

"Nilidhani homa inaongea, mama. Halafu nikaona sikio."

"Na hukunipigia."

"Aliniapisha. Alilia, mama. Alisema ukijua utakufa kwa mshtuko."

"Mbona sijafa?"

Tefo akalaza paji la uso kwenye usukani.

Matefo alikuwa akihesabu jambo jingine kichwani, na lilipotimia, mshtuko wa pili ukampiga, nao ulikuwa mzito kuliko wa kwanza. "Baridi ya mwaka jana, umesema. Khauta alikuja na wajomba zake majira ya mvua. Baada ya baridi."

"Ndiyo, mama."

Khauta alikuwa mwongoza kwaya wa kanisa lao, mjane, mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa. Alikuja kumposa kwa heshima zote, na Matefo alimpenda, jambo ambalo hakumwambia mtu. Lakini alimjibu mbele ya wazee kwamba yeye bado ni mke wa marehemu, na hawezi kulikanyaga kaburi la mume wake kwenda nyumba nyingine.

"Ulikuwa sebuleni," alisema. "Wewe ndiye uliyewamiminia chai. Ulinisikia nikisema nalinda kaburi, nawe unajua ndani ya kaburi kuna blanketi."

"Mama, nilikuwa nimebanwa katikati."

"Hapana. Katikati nilikuwa mimi. Wewe ulikuwa umekaa pembeni ukiangalia." Akafunga mkanda wa kiti. "Nipeleke."

"Ngoja nimpigie kwanza, ajue."

"Miaka yote hii mimi alinipigia? Washa gari."

Botshabelo haiko mbali. Letlatsa alikuwa akilinda yadi ya fundi magari, na chumba chake kilikuwa cha mabati, nyuma ya magari mabovu. Waliposimama alikuwa akimwagilia mche wa mpichi kwa kopo. Alimwona Tefo, akatabasamu. Kisha mlango wa upande wa pili ukafunguka, na kopo likamdondoka mkononi.

"Puseletso," alisema. Lilikuwa jina la usichana la Matefo; tangu aolewe hakuna mwingine aliyemwita hivyo.

"Usiniite. Geuka."

"Nini?"

"Geuka nikuone mbele na nyuma."

Mzee akageuka polepole, mikono ikining'inia, kama ng'ombe mnadani. Matefo alimtazama kisogo, mabega yaliyoshuka, visigino vilivyopasuka. Alipozunguka na kurudi alipoanzia, Matefo akatoa ukelele. Siku ya mazishi wanawake walimsihi alie, akashindwa, macho yakawa makavu kama mawe. Ukelele huo ulikuwa umebaki ndani miaka yote, na sasa ulitoka mbele ya marehemu mwenyewe, mpaka fundi akatoka chini ya gari na spana yake akiuliza nani amekufa.

"Huyu hapa!" Matefo alimwonyesha. "Huyu ndiye aliyekufa!"

Walikaa kwenye kiti cha nyuma kilichong'olewa kutoka kwa gari fulani, Matefo ncha moja na Letlatsa ncha nyingine. Mzee alieleza kwamba shimo lilipoporomoka yeye hakuwemo. Alikuwa amekamatwa siku chache kabla, akajitaja kwa jina la mwenzake, akafungwa kwa jina hilo. Alipotoka alikutana na mtu wa kwao, akakimbiwa kama mzimu, na kabla hajakimbia yule mtu alimwambia: wewe tumekuzika.

"Nilifika mpaka Harrismith kwa miguu," alisema. "Milima ya nyumbani naiona. Nikasimama. Nilikuwa nimeondoka kutafuta, na nilikuwa sina hata shati la kubadilisha. Nikajiambia, Letlatsa, marehemu ana heshima. Mfungwa hana. Nikageuza."

"Heshima yako niliivaa mimi," Matefo alisema. "Mwaka mzima, nyeusi, juani na kwenye theluji. Watoto wakinikimbia. Nilikula nyuma ya mlango peke yangu. Kila msimu nilikwenda kung'oa magugu kwenye kaburi lako na nikakusimulia habari za nyumba. Nilikwambia mtoto amefaulu. Nilikwambia kuhusu Khauta! Niliongea na blanketi, Letlatsa!"

Mzee alivua kofia, akaikunja mikononi. "Unataka nifanye nini, Puseletso?"

"Utakuja nyumbani. Mchana, si usiku. Utapita barabara kubwa, watu wote wakuone. Utawaambia wewe mwenyewe, kwa mdomo huo uliokulia nyama."

Naye alikuja, Jumamosi iliyofuata, na Tefo ndiye aliyemleta. Mpaka leo Phuthaditjhaba wanaisimulia siku ile. Kaka mkubwa wa Letlatsa, mtu mzima mwenye fimbo, alipoona nani ameshuka garini aliitupa ile fimbo na kutokea mlango wa jikoni, na haikujulikana mguu mbovu ulipona lini. Mama mmoja alianza wimbo wa mazishi kwa kukosa wa kuimba. Wazee walikaa na kubishana mpaka jua likaelekea kuzama, maana hakuna aliyewahi kusikia kaburi la mtu likifunguliwa naye amesimama kando akitazama. Mwishowe walichinja kondoo, wakalitoa blanketi lililooza, wakalichoma. Letlatsa akaoshwa kwa nyongo ya kondoo yule ili atakaswe, akatajwa tena kwa jina lake miongoni mwa walio hai.

Matefo alipika siku ile, akawapa wote chakula. Kisha alivua aproni na kuwaambia wazee wa mumewe kwamba mtu wao amewarudia wao, wakae naye. Walinung'unika, wengine wakamkumbusha ng'ombe waliotolewa siku ya ndoa. Aliwaambia ng'ombe wale waliliwa kwenye matanga.

Kwa hiyo Letlatsa anaishi kwa kaka yake, ng'ambo ya uzio. Khauta alikuwa tayari ameoa mwanamke wa Harrismith; Matefo aliimba kwenye arusi ile, sauti ya pili, na hakukosea hata neno.

Kumsamehe Tefo ndiko kulikomchukua muda mrefu. Alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili Matefo alipokea, akauliza kama amekula, akakata. Siku moja Tefo akasema harakaharaka, kabla hajakatwa, "Mama, umenisamehe au bado?"

"Sijui, mwanangu. Kuna siku nikiamka nimekusamehe, nikifika kisimani nimeghairi."

"Basi nitaendelea kupiga."

"Piga. Na yule msichana wa aiskrimu, jina lake nani? Maana nyinyi mnaficha walio hai."

Kuna asubuhi Letlatsa huja na nyundo kurekebisha geti la Matefo, bila kuombwa. Matefo humwacha. Kazi ikiisha humletea maandazi mawili hapo hapo nje, na chai kwenye kikombe cha wageni.