Data za Kukoroma

Daktari alikana katakata kwamba anakoroma, ila makala aliyokuwa akiandika ilihusu kukoroma kwa watu wengine. Maktabani, hifadhidata za tiba zilimmwagia tafiti chungu nzima za wakoromaji. Zinazohusu wake zao, alizozihitaji hasa, wapi!

"Siyo kila utafiti unafika kwenye majarida, Daktari," mkutubi alimwambia. "Nyingine zimejilalia tu vyuoni. Hebu tafuta kwenye tasnifu za chuo cha uuguzi."

Akatafuta, akapata moja: *Usingizi wa Wake wa Wakoromaji*. Aliyeiandika ni muuguzi, tena mke wake wa ndoa. Kumbe ndiyo ile aliyopewa nakala mwaka juzi, akaahidi ataisoma.

Akafungua ukurasa wa shukrani: "Namshukuru mume wangu, aliyenipa data kila usiku bila hata kuombwa."