Mwanga wa Chumba cha Kijani

Winifred Pargeter alikuwa amekilinda Chumba cha Kijani cha jumba la kale la Harrowmere, lililo wazi kwa watalii, kwa miaka kumi na tisa, kwa kujitolea, bila mshahara. Tangu mumewe afariki, chumba hicho ndicho kilichokuwa kikimtoa kitandani asubuhi. Kwa hiyo wiki iliyopita, meneja Julian Strickland alipomwambia kwa tabasamu la daktari wa meno, "Bi Pargeter, kosa moja tena na nitakuomba ukatusaidie kule kwenye maegesho ya magari," Winifred alirudi nyumbani akashindwa kumaliza chai. Mwingereza kushindwa kumaliza chai! Hapo ujue mambo yameharibika.

Kosa lenyewe lilikuwa kumruhusu mama mjamzito akalie kiti cha mwaka 1740.

Sasa, Alhamisi saa tano asubuhi, alisimama mbele yake mzee mrefu aliyejitambulisha kuwa Cuthbert Gedney, pua yake nusura iguse picha kubwa ya mabwana wa Harrowmere na farasi wao.

"Rudi nyuma kidogo, bwana, tafadhali."

"Nikirudi nyuma, bibie, naona giza tu, kama ukuta umevaa koti."

"Unamtafuta nani humo?"

"Mshika farasi. Babu wa babu yangu. Ukoo mzima hatuna sura ya mtu wa kale ila huyo. Miaka yote nasema nitakuja, nitakuja. Sasa jicho moja limekwisha, na hili lingine daktari anasema litafika Krismasi tu." Akageuka. "Huwezi kuniongezea mwanga kidogo?"

Mwanga! Kwenye jumba lile, heri uombe kuoa binti wa mwenye nyumba. Jua hula rangi, ndiyo maana mbao za dirisha zilifungwa mwaka mzima. Picha iligawiwa mwanga kwa kipimo kama sukari wakati wa vita, na kidude cheupe juu ya meko ya kuotea moto kiliandika kila chembe iliyoingia. Julian alikisoma kila siku. Na sauti yake ilikuwa inasikika chumba cha pili, akiwatembeza wageni wanne kutoka London.

Mkono wa Winifred ulifika kwenye komeo la dirisha kabla yeye hajauruhusu.

Jua likaingia kama polisi.

"Masikio!" Mzee alicheka huku machozi yakimtoka. "Haya masikio ni yetu! Tunayo wote, hata dada yangu, maskini."

"Harakisha, bwana. Nakuomba."

"Ana kovu kidevuni. Hakuna aliyewahi kutuambia."

Sakafu ikalia nje ya mlango. Winifred akausukuma ubao wa dirisha aufunge. Ulikuwa umevimba kwa unyevu, ukagoma. Akausukuma kwa nyonga. Ukagoma tena.

"Sema ni mimi," Cuthbert alinong'ona. "Mzee mkorofi kafungua. Watanifanya nini, wanikataze kurudi? Hata nikirudi sitaona kitu."

Winifred aliwaza maegesho, mvua, fulana ya manjano, na watu wenye magari makubwa wasiojua kurudi nyuma. Mlango ukafunguka.

"Nani amefungua?" Julian aliuliza, tabasamu liko palepale.

Mzee akavuta pumzi aseme.

"Mimi," Winifred aliwahi. "Na subiri kidogo, Julian. Hajamaliza kutazama."

Wageni wanne wakaanza kuichunguza dari, kama wafanyavyo watu wa kule mtu anapochinjwa mbele yao. Julian alikitazama kidude, akavuka chumba, akaupiga ubao kofi moja. Ukajifunga.

"Maegesho, Bi Pargeter. Kuanzia kesho."

"Saa tatu?"

"Saa mbili na nusu. Magari huwahi."

Akaondoka na wageni wake. Winifred akaigeukia picha.

"Lile kovu," alisema, "miaka kumi na tisa sijaliona. Nawatajia watu mabwana tu, na farasi. Farasi nawajua kwa majina! Huyu anaitwa nani?"

"Enoch."

Mume na mke wakaingia wakiwa na kijitabu cha jumba mkononi. Zamu ya Winifred, ya mwisho chumbani humo, ilikuwa inaisha saa kumi.

"Karibuni," Winifred alisema. "Leo tunaanzia nyuma kule, kushoto. Huyo anaitwa Enoch Gedney."